Kuchagua waya wa fedha kwa kebo za sauti unazojitengenezea

Gramu tisa. Hiyo ndiyo fedha yote inayoingia kwenye jozi ya kebo za RCA za mita moja, kushoto na kulia, za kuunganishia kicheza CD na amplifaya, kama waya wako ni wa nusu milimita. Pete nzito ya kiume inafika hapo. Naanza na uzito huu kwa makusudi. Wengi wanaoniuliza habari za waya wa fedha wameshaona bei za kebo zilizotengenezwa tayari wakakata tamaa, na hawajui kwamba ndani ya kebo ile fedha yenyewe ni chembe. Kilichobaki ni plagi, ganda, boksi na jina.

Mimi ni fundi wa jioni tu, hapa Mombasa. Mchana nina kazi nyingine. Usiku nakaa mezani na taa, koleo na redio iliyopasuliwa tumbo. Kebo za fedha nimetengeneza kadhaa, na fedha isiyo fedha nimeshauziwa pia. Ndiyo maana hapa utakuta maneno mengi ya kuchagua na kupima waya, na machache ya kusuka. Makosa yangu makubwa yote niliyafanya kabla pasi ya kulehemia haijapata moto.

Hatua ya 1: Jua fedha inakupa nini

Fedha ndiyo metali inayopitisha umeme vizuri kuliko zote katika joto la kawaida. Hilo ni kweli, na ndilo linalouza kebo. Wasichokuambia ni jinsi shaba inavyoifuata kwa karibu. Chukua nyaya mbili za urefu na unene mmoja, ya fedha na ya shaba: ukinzani wa shaba, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, unazidi kwa asilimia 6 hadi 8 tu. Waya wa fedha wa kipenyo cha milimita 0.5 una ukinzani wa karibu omu 0.081 kwa mita. Wa shaba una omu 0.088 hivi. Ukinunua shaba nene kidogo tu, tofauti imekwisha.

Sasa linganisha na unapokwenda umeme wenyewe. Mlango wa kuingizia sauti wa amplifaya ya kawaida una omu kati ya 10,000 na 47,000. Mbele ya namba hiyo, sehemu saba za elfu za omu ni tone katika bahari.

Marekani waliwahi kuifanyia majaribio makubwa zaidi bila kukusudia. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto na shaba imeadimika, wahandisi wa mradi wa bomu la atomiki waliazima fedha kwenye hazina ya serikali, zaidi ya tani 13,000, wakazungushia sumaku za umeme za kiwanda cha Oak Ridge, Tennessee. Walitafuta fedha kwa sababu shaba haikupatikana, na fedha ikafanya kazi ileile ya shaba. Sehemu ya mwisho ya mkopo huo ilirudishwa hazina mwaka 1970. Kila nikisikia mtu akisema waya wa fedha umempa "roho" ya muziki, nazikumbuka sumaku zile.

Kwa nini basi ninaendelea kutumia fedha? Kwa sababu uzi mmoja mzima wa fedha laini ni mtamu kuufanyia kazi, unapokea lehemu haraka, haupotezi thamani yake hata ukiukata vipande, na naupenda. Sababu ya mwisho inatosha. Ila anayenunua kwa kupenda hapaswi kuuziwa kwa kudanganywa, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Hatua ya 2: Amua kebo ipi inastahili

Kebo fupi ya sauti ndogo, yaani ile ya RCA kati ya chombo na amplifaya, ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Ni fupi, inabeba mkondo mdogo sana, na ukikosea utakuwa umepoteza gramu chache.

Kebo ya gramafoni nayo inafaa, lakini hiyo ni ya mkono uliokwisha kuzoea. Sindano ya sumaku inayosogea hutoa milivolti chache tu, kwa hiyo kebo inahitaji wavu wa kukinga mvumo, na kapasitansi yake, yaani uwezo wake wa kuhodhi chaji, inahesabiwa. Sindano nyingi za aina hiyo zinataka jumla ya pikofaradi kati ya 100 na 300, kebo ikiwemo. Ukiisuka kwa kubana mno, unaweza kubadilisha sauti ya juu kweli kweli. Kuna watu wamebadilisha waya wakasikia tofauti, wakaisifu fedha, kumbe walichobadilisha ni kapasitansi.

Kebo ya spika, achana nayo. Tupige hesabu. Spika mbili, kila moja mita tatu kutoka kwa amplifaya, nyaya mbili kwa kila spika: jumla mita 12. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5, hiyo ni karibu gramu 315 za fedha, zaidi ya aunsi kumi za masonara. Duka la vifaa vya umeme litakupa mita 12 za shaba ya 2.5 kwa bei ambayo mwenzako hataitilia maanani, na ukinzani wa safari nzima kwenda na kurudi utakuwa omu 0.041 badala ya 0.038. Spika yako ina omu 8. Fanya uamuzi mwenyewe.

Hediphoni: kebo yake hukunjwa kutwa. Uzi mzima wa fedha ukikunjwa mara nyingi hukakamaa na mwisho hukatika ndani ya ganda, usione wapi. Hapo tumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba au baki na shaba. Na kebo ya umeme wa ukutani usiijaribu kabisa. Volti 240 si za mchezo wa mezani.

Hatua ya 3: Soma namba, usisome rangi

Fedha huuzwa kwa sehemu za elfu. 999 maana yake ni sehemu 999 za fedha katika elfu. Wauzaji wa waya za sauti hupenda kuhesabu tisa: "tisa nne" ni asilimia 99.99, "tisa tano" ni 99.999. Kwa kebo ya nyumbani, 999 inatosha. Tofauti ya ukinzani kati yake na tisa nne ni ndogo kuliko makosa ya kipimo chako cha kipenyo, na sijaona sababu ya kulipia tisa ya tano.

925 ni habari nyingine. Hiyo ndiyo fedha ya vito: asilimia 92.5 fedha, iliyobaki kwa kawaida ni shaba, ili iwe ngumu. Kwa pete ni nzuri. Kwa waya, sifa ya kuizidi shaba inapotea, na ulaini unapungua. Ukiwa na mkufu wa 925 usiokuwa na mwenyewe, uuze, ununue 999.

Chini yake ipo fedha ya zamani ya mwambao na ya Oman. Mapambo mengi ya huko yalitengenezwa kwa kuyeyusha riale za Maria Theresa, zile sarafu zinazosoma mwaka 1780 hata kama zilipigwa miaka mingi baadaye. Riale moja ina gramu 28 na kidogo, na usafi wake ni 833 kwa elfu. Mtu akikuambia "hii ni fedha ya kweli ya nyanya yangu", huenda hasemi uongo, lakini usiitengenezee kebo. Mrudishie nyanya kitu chake.

Halafu kuna majina ya kughilibu. "Fedha ya Kijerumani" ni shaba, nikeli na zinki, haina fedha hata punje, na ukinzani wake ni mara ishirini hivi ya fedha. "Fedha ya Tibet" katika maduka ya shanga pia haina dhamana yoyote. Na kuna waya wa shaba uliopakwa fedha. Huu si wa uongo kama umeuzwa kwa jina lake. Hutumika sana ndani ya vyombo, tena ni wa bei nafuu. Lakini sisi tunaoishi karibu na maji tujue ugonjwa wake: tabaka la fedha likikwaruzwa na unyevu ukaingia, shaba iliyo chini huliwa na kuacha unga mwekundu, na unaendelea ndani ya ganda bila kuonekana.

Hatua ya 4: Chagua unene

Kipenyo cha milimita 0.4 au 0.5 kinatosha kwa kebo ya RCA. Kwa hesabu ya Kimarekani ya AWG hizo ni karibu 26 na 24. Wa 0.4 una uzito wa gramu 1.32 kwa mita, wa 0.5 gramu 2.06. Jozi ya mita moja inahitaji nyaya nne, na kwa kila waya ongeza sentimita kumi za kusukia na kukosea, jumla mita 4.4: gramu 5.8 au gramu 9. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo na utaona muuzaji anaongeza kiasi gani juu ya fedha yenyewe. Kuongeza ni haki yake, kuvuta waya ni kazi. Ila akizidisha mara kumi, muulize anavutia nini.

Unaweza kushuka hadi 0.25, gramu nusu tu kwa mita, na umeme hautalalamika. Vidole vitalalamika. Waya huo hunasa kila kitu, hukatika kwenye lehemu, na ukianguka sakafuni umepotea.

Utasikia pia kwamba umeme wa masafa ya juu hukimbilia ngozi ya waya, kwa hiyo eti ununue utepe bapa. Jambo lenyewe ni la kweli, lakini kwa hezi 20,000, ambazo masikio ya mtu mzima mara nyingi hayazifikii, "ngozi" hiyo katika fedha ina kina cha karibu milimita 0.45. Waya wa kipenyo cha 0.5, kutoka juu hadi katikati yake ni 0.25. Umeme unautumia wote.

Hatua ya 5: Ulaini

Hiki ndicho wanunuzi wa mara ya kwanza hawakiulizi. Waya unapovutwa hukakamaa. Ukiachwa hivyo, unakuja kama springi: unaupinda, unarudi. Waya uliopashwa moto baada ya kuvutwa hulegea, na ndio unaoutaka. Kwa muuzaji wa vifaa vya masonara uliza uliolainishwa kabisa. Ukiushika kipande cha sentimita 20 kwa ncha moja, kilegee chenyewe kwa uzito wake badala ya kusimama mbele kama sindano. Ukikipinda kwenye kidole kibaki pale kilipopindwa.

Kila unapoupinda na kuunyoosha unaukakamaza tena, kwa hiyo usiuchezee. Kazi nyingi za kebo ya fedha ni kujizuia.

Hatua ya 6: Kwa muuzaji wa mtandaoni au kwa sonara

Mtandaoni, nunua kwa anayeuza malighafi za masonara kabla ya anayeuza vitu vya sauti. Waya ni uleule. Hadithi ndiyo inayobadilika. Anayeandika usafi, kipenyo na ugumu katika mistari mitatu na kunyamaza, huyo ndiye ninayemwamini.

Njia ya pili ni sonara wa mtaani, na mimi naipenda zaidi. Mara ya kwanza nilikwenda kwa mzee mmoja Mji wa Kale, nikamwomba anivutie uzi wa fedha tupu.

"Fedha tupu haikai umbo, mwanangu," akaniambia. "Ukitaka kitu kidumu lazima uitie shaba."

"Ami, sitaki pete. Nataka uzi wa kupitisha umeme."

Akacheka mpaka akaweka tupa chini. "Umeme! Basi lete fedha yako mwenyewe, nisije nikakuvutia ya pete."

Alikuwa ananisaidia. Vyuma vyake vyote, chungu chake cha kuyeyushia na chembe zilizobaki ndani yake, ni vya fedha ya mapambo. Kwa hiyo peleka punje au kipande cha 999 chenye muhuri, mwombe atumie chungu kipya au alichokisafisha, na ukae umwangalie. Ni jambo la kuangalia. Anamimina ufito, anaugonga uwe mwembamba, anaunoa ncha kwa tupa, kisha anaupitisha kwenye chamburo, lile bamba la chuma lenye matundu yanayopungua moja baada ya jingine. Ncha inachungulia upande wa pili, anaikamata kwa koleo na kuvuta kwa mwili mzima, akipaka nta. Baada ya matundu machache waya unaanza kulia na kukaza. Hapo anausokota kuwa duara, anaupasha moto mpaka uonyeshe wekundu hafifu, anaupoza, anaendelea. Mwambie amalize kwa moto, si kwa tundu. Asipokusikia atakupa waya mgumu, kwa sababu wa vito mara nyingi hutakiwa hivyo.

Wekundu hafifu maana yake hafifu. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, na waya wa nusu milimita ukiubandika kwenye moto ukiwa peke yake unageuka shanga kabla hujasema lo. Usijaribu hili nyumbani kwa kiberiti cha gesi.

Hatua ya 7: Pima kwa maji

Sumaku kwanza: fedha haishikwi na sumaku. Lakini shaba nayo haishikwi, kwa hiyo sumaku itakukamatia chuma tu. Rangi haitoshi. Muhuri haupigwi kwenye waya. Asidi ya sonara inafanya kazi, ila kwa waya uliopakwa lazima ukwangue kwanza.

Jaribio langu ni la maji na mizani ndogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu, ile ya kupimia vito. Pima fungu lako la waya likiwa kavu na uandike. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, tia tone la sabuni ya vyombo ili mapovu yasing'ang'anie waya, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Funga fungu kwa uzi mwembamba, lining'inize ndani ya maji lizame lote, lisiguse chini wala ubavuni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Ukipata karibu 10.5, una fedha. Ukipata karibu 9, una shaba, hata ing'ae vipi. Fedha ya 925 inatoa 10.4 hivi, na hapo mizani ya nyumbani haiwezi kukuhakikishia, kwa sababu tofauti ni ndogo kuliko mtikisiko wa mkono. Ndiyo maana nikasema 999 ununue yenye muhuri kabla ya kuvutwa.

Jaribio hili lina uzuri kwamba halijali kipenyo. Nililijifunza baada ya kuagiza fungu kutoka mbali, limeandikwa fedha tupu, limekunjwa kwenye karatasi nyeusi kama zawadi ya arusi. Lilikuwa na gramu 18.40. Ndani ya maji mizani ikasoma 2.05. Nikarudia mara tatu nikidhani ni povu. 2.05. Gawanya: 8.98. Nikachukua kisu, nikakwangua ncha chini ya taa, na wekundu ukatokea, mwembamba, kama damu ya ufizi. Nimeliacha droo ya chini mpaka leo. Nalitumia kuunganishia vitu ndani ya maboksi, na kwa kazi hiyo ni waya mzuri tu. Pima kila fungu, na fungu dogo mno usiliamini: chini ya gramu tano namba zinayumba.

Hatua ya 8: Uweke mbali na salfa

Fedha haili kutu kama chuma. Adui yake ni salfa, inayoifanya nyeusi. Salfa ipo kwenye mayai, kwenye moshi wa baadhi ya majiko, kwenye sufu, na kwenye mpira. Fungu langu la kwanza zuri nililifunga kwa mpira wa pesa, ule wa kahawia wa kufungia noti, nikaliweka kabatini. Baada ya wiki kadhaa nilikuta mstari mweusi uliozunguka fungu lote pale mpira ulipokaa, umenyooka kana kwamba umechorwa kwa rula. Kwingine kote lilikuwa jeupe.

Funga kwa uzi wa pamba. Tia kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, ubane hewa itoke. Weusi wa juu haupunguzi upitishaji wa waya wote, kwa kuwa ni utando mwembamba sana, lakini lehemu haishiki juu yake, na kwenye mguso wa plagi ni kikwazo.

Hatua ya 9: Ganda

Kwa waya mtupu nunua neli za tefloni. Tundu la ndani liwe karibu mara mbili ya kipenyo cha waya, ili sehemu kubwa ya kinachouzunguka iwe hewa. Tefloni huhodhi chaji kidogo, inastahimili nyuzi 260, na haisinyai unapolehemu. PVC ni ya bei rahisi lakini hulainika pasi ikisogea, na huhodhi chaji zaidi. Neli za pamba zinapendwa na wengi na zinapendeza macho. Mimi nimeziacha, maana msimu wa masika hapa pamba hunywa unyevu kama mandazi yanavyokunywa chai.

Usichome tefloni kwa moto ili kuivua. Moshi wake unaumiza. Ikate kwa wembe ukiizungusha, na usiguse fedha: kovu dogo la wembe kwenye waya laini ndipo utakapokatikia.

Hatua ya 10: Safisha, nyoosha, suka

Vaa glovu za pamba au shika kwa kitambaa. Bana ncha moja kwenye jiliwa yenye vipande vya mbao, shika nyingine kwa koleo, vuta polepole mpaka uhisi waya umelegea kidogo kisha ukanyooka. Basi, usiendelee. Pitisha kitambaa chenye spiriti ya isopropili mara mbili au tatu. Cha kwanza kitatoka na nta na weusi wa chamburo, na utashangaa kiasi chake. Sukuma waya ndani ya neli ukiwa bado umenyooka.

Nyaya mbili za upande mmoja zizungushane, mzunguko mmoja kila sentimita moja au moja na nusu. Mkono unatosha, drili inakaza mno. Msokoto ndio unaopunguza mvumo wa hezi 50 kutoka kwenye umeme wa nyumba. Kwa mita moja kati ya vyombo viwili kwa kawaida hutahitaji wavu. Ukiuhitaji, uwe wa shaba, na uunge upande mmoja tu. Fedha kwenye wavu ni kutupa.

Hatua ya 11: Lehemu

Hapa fedha ina tabia moja usiyoizoea kwenye shaba: bati lililoyeyuka linaila. Waya mwembamba ukikaa kwenye lehemu ya moto kwa muda, unayeyukia ndani yake na kiungo kinabaki dhaifu, nje kikionekana kizuri. Dawa yake ni lehemu yenye fedha kidogo ndani, ile ya bati 62, risasi 36 na fedha 2, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 179. Ikiwa tayari ina fedha, hamu ya kula waya wako inapungua. Isiyo na risasi, ya bati na fedha asilimia 3, inafaa pia ila inataka moto zaidi.

Pasi iwe kwenye nyuzi 330 hivi, ncha safi. Paka lehemu kikombe cha pini ya katikati kwanza, kisha gusa, ingiza waya, hesabu mbili, ondoa. Usipulize. Fedha hubeba joto haraka, kwa hiyo ushike kwa kibanio. Waya wa pili uende kwenye ganda la plagi, na upande wa pili wa kebo ufuate vivyo hivyo. Pini kwa pini, ganda kwa ganda. Fungua dirisha, na unawe mikono kama lehemu ina risasi.

Pima kwa mita ya umeme: pini hadi pini iite, ganda hadi ganda iite, pini hadi ganda inyamaze. Tikisa kebo huku mita ikiwa imeunganishwa. Kisha iweke kwenye chombo, sauti chini kabisa, upandishe taratibu.

Ukitaka kujua kama unaisikia fedha au unausikia mfuko wako, mwombe mtu wa nyumbani abadilishe kebo ukiwa nje ya chumba, ya fedha na ya shaba, mara kumi, aandike bila kukuonyesha. Mimi mke wangu alinifanyia. Nilipata sita, akaniuliza kama chai iwekwe.

Mabaki yatie kwenye kichupa. Ncha zilizogusa lehemu zikate na uziweke kando, kwa sababu bati na risasi kidogo tu vikiingia kwenye chungu cha sonara, fedha yake yote inakuwa ya kukatika katika. Safi mrudishie, anainunua kwa gramu, au anakutunzia mpaka ifike ya kuvuta uzi mwingine.